Kalamu ya Mwalimu Mukirane na Jina Lililokataliwa

Kila mwaka wapo askari jeshi na askari polisi wanaopewa amri ya uhamisho kwenda Kasese. Mmoja atoka Arua, mwingine Mbale, mwingine Masaka. Ashuka garini na sanduku lake, aitazama milima ya Rwenzori iliyofunikwa na mawingu, na kabla hajaonyeshwa kitanda chake amekwisha kusikia kutoka kwa waliomtangulia kwamba watu wa huko ni wakaidi, kwamba ni watu wa mlima, na kwamba waliwahi kujitenga na kujifanyia serikali yao wenyewe. Neno hilo la mwisho ni la kweli. Lakini ni askari wachache sana wanaoambiwa kwamba serikali hiyo ilianza katika madaftari ya mwalimu wa shule, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya na kuandika historia ya watu wake.

Mwalimu huyo aliitwa Isaya Mukirane. Leo, ndugu wasomaji, twapenda kuzungumza nanyi juu ya maisha yake na kazi yake. Hatukusudii kumtukuza, kwani alifanya makosa makubwa. Wala hatukusudii kumlaani, kwani alidai jambo la haki. Twamzungumza kwa sababu habari yake yawahusu ninyi mnaobeba silaha za taifa kuliko wanavyodhani wengi.

BARABARA YA KWENDA BWERA

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Mji wa Kasese ulikua kwa sababu ya shaba. Reli kutoka Kampala ilifika huko mwaka 1956 ili ichukue shaba ya mgodi wa Kilembe, na pamoja na reli wakaja wafanyakazi wa kila kabila. Ndiyo maana Kiswahili kiliota mizizi Kasese mapema kuliko katika miji mingi ya Uganda: watu waliochimba pamoja na kula pamoja walihitaji lugha moja. Mgodi umekwisha kufungwa na gari moshi haliji tena, lakini Kiswahili kimebaki sokoni na katika vituo vya mabasi.

Kutoka Kasese msafiri huelekea kusini, mlima ukiwa mkono wake wa kulia na mbuga ya wanyama mkono wake wa kushoto. Hapo Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, barabara hugawanyika. Ya kulia hupita chini ya milima, katika mashamba ya pamba, mahindi na kahawa, hupita Kagando, na mwisho hufika Bwera. Mbele kidogo ya Bwera ni Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchi ya Kongo. Mtu wa Bwera na mtu wa Kasindi husemezana bila mkalimani, kwa maana Bakonzo wa Uganda na Banande wa Kongo ni watu wa lugha moja waliotenganishwa na mpaka uliochorwa na wakoloni.

Tumelitaja jina la Kagando kwa makusudi. Mtu akilisikia leo hufikiri juu ya hospitali, nayo ni hospitali yenye sifa njema. Lakini wazee wa Kibukonzo wakilisikia hukumbuka mwaka 1921. Kwa Mapatano ya Toro ya mwaka 1900, Waingereza waliwaweka watu wa milimani, yaani Bakonzo na Baamba, chini ya utawala wa Omukama wa Toro. Mwaka 1919 wakaondokea viongozi watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, wakaongoza upinzani dhidi ya utawala huo. Walitafutwa muda wa miaka miwili, na walipokamatwa walinyongwa pale Kagando. Serikali ya kikoloni iliandika kwamba uasi umekwisha. Watu wa milimani hawakuwa na mahali pa kuandika neno lao. Walilihifadhi katika nyimbo na katika masimulizi ya jioni.

MWALIMU ANAKUSANYA HISTORIA

Isaya Mukirane alikuwa mtu wa kizazi kilichofuata, kizazi kilichokwenda shule za misheni kikajifunza kusoma na kuandika. Akawa mwalimu wa shule ya msingi. Na hapo ndipo alipokutana na jambo lililomkera maisha yake yote. Katika nchi ya Toro ya siku hizo, lugha ya shule, ya kanisa na ya baraza ilikuwa Rutoro. Mtoto wa Kikonzo alifundishwa kwa lugha ambayo mama yake hakuisema. Nafasi za shule za juu na kazi za serikali zilikuwa chache, na wengi waliona kwamba njia rahisi ya kuzipata ilikuwa kujiandikisha kama Mtoro. Kijana aliingia shuleni kwa jina la babu yake akatoka na jina la kuazima.

Kijana wa namna hiyo akirudi nyumbani huwa na hali ngumu. Shuleni amefundishwa kuona haya kwa ajili ya wazee wake, na wazee nao hawamjui tena vizuri. Mwalimu Mukirane aliona kwamba ugonjwa huo hauwezi kutibiwa kwa manung'uniko. Watu walioambiwa kila siku kwamba hawana historia wanapaswa kuionyesha historia yao ikiwa imeandikwa.

Mwaka 1954 alikuja huko kijana mmoja wa Kiingereza, Tom Stacey, aliyekuwa na hamu ya kujua habari za Bakonzo. Mukirane akafuatana naye milimani, akawa mwenzi wake wa safari na mkalimani wake. Walipanda na kushuka wakiuliza wazee: mmetoka wapi, mliishije, miungu yenu ni ipi, ndoa zenu ni za namna gani. Stacey baadaye aliandika vitabu viwili juu ya milima hiyo na watu wake, kimoja mwaka 1965 na kingine mwaka 2003. Mukirane hakupata mchapishaji London. Yeye aliunda chama.

Chama hicho cha katikati ya miaka ya 1950 kilikuwa chama cha utafiti wa maisha na historia ya Bakonzo. Ukilisoma jina lake waweza kudhani ni kikao cha maprofesa. Kumbe wanachama wake walikuwa walimu wa vijijini, makatekista, wakulima wa kahawa, na wazee wasiojua kusoma ambao vichwa vyao vilikuwa ndiyo maktaba. Matawi yalifunguliwa kutoka bonde hata bonde. Waliandika koo, desturi, methali, habari za uhamiaji, na habari za wale watatu wa Kagando. Kila tawi lililokutana kuzungumza juu ya jana lilijikuta likizungumza juu ya leo: kwa nini kodi yetu hailetei shule kwetu? Kwa nini hatuna zahanati? Kwa nini katika baraza la ufalme hatusikilizwi?

Wala Mukirane hakuwa wa kwanza katika Afrika kuifuata njia hiyo. Jomo Kenyatta alichapisha kitabu cha mila na maisha ya Wakikuyu mwaka 1938, nacho kikawa hoja ya siasa juu ya ardhi. Hapa Uganda, Okot p'Bitek alikusanya nyimbo na hadithi za Waacholi, naye akaishia kuwasema watawala hata ikambidi aishi ugenini Kenya. Huko Kenya Ngugi wa Thiong'o alipoandika mchezo wa kuigiza kwa lugha ya mama na kuuchezesha pamoja na wanakijiji wa Kamiriithu, aliwekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1977 akakaa huko karibu mwaka mzima. Mwandishi anayeandika mambo ya watu wake kwa bidii, aghalabu hujikuta mbele ya mlango wa serikali, hata kama nia yake ya kwanza ilikuwa kuandika hadithi za bibi yake.

NENO MOJA KATIKA KATIBA

Uhuru ulipokaribia, Mukirane alikuwa amechaguliwa kuingia katika Rukurato, yaani baraza la ufalme wa Toro. Mwanzoni mwa mwaka 1962 baraza hilo lilikuwa likijadili katiba itakayouongoza ufalme ndani ya Uganda huru. Wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoa ombi ambalo, tukilitazama leo, lashangaza kwa udogo wake. Waliomba katiba iandike kwamba Toro ni nchi ya watu wa namna tatu, Batoro, Bakonzo na Baamba, wenye hadhi iliyo sawa.

Ombi lilikataliwa.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Mtu aombapo fedha aweza kuambiwa kwamba hazina ni tupu. Aombapo barabara aweza kuambiwa angoje mwaka ujao. Lakini hawa waliomba jina lao liandikwe, na wino wa kuliandika haukuzidi tone moja. Mwezi Machi 1962 wajumbe wa milimani walitoka nje ya baraza. Mukirane, pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, wakakamatwa. Walipopewa dhamana, Mukirane hakungoja kurudi mahakamani. Akapanda mlimani.

Tarehe 30 Juni 1962 Mukirane alitangaza kwamba nchi ya milima, Rwenzururu, ni nchi inayojitawala. Uganda yenyewe ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo. Hivyo taifa letu lilizaliwa likiwa na ufa tayari katika kona moja ya nyumba, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mwaka huo serikali iliunda tume chini ya Daktari Ssembeguya ichunguze fujo hizo. Tume ilikiri kwamba manung'uniko mengi yalikuwa na msingi, lakini haikukubali Bakonzo na Baamba wapewe wilaya yao wenyewe. Mwaka 1963 hali ya hatari ikatangazwa, na askari wakapelekwa.

SERIKALI YA MAKARATASI

Wale waliopanda mlima kumtafuta Mukirane walitazamia kukuta genge la watu wenye mikuki. Mikuki ilikuwapo, na damu ilimwagika pande zote: vijiji vya Bakonzo na vya Batoro viliteketezwa, na watu wasio na hatia walikimbia makwao. Hatutaki kuyafunika mambo hayo. Lakini pamoja na mikuki walikuta jambo jingine. Walikuta ofisi.

Mwalimu Mukirane aliijenga serikali yake kama mwalimu anavyoliongoza darasa. Kulikuwa na mawaziri na machifu wa sehemu, na kila mmoja alitakiwa kuandika. Kodi ilipokusanywa, stakabadhi ilitolewa. Kesi iliposikilizwa, kumbukumbu iliwekwa. Barua zilipigwa taipu zikapelekwa kwa wajumbe wapandao na kushuka makorongo kwa miguu. Shule zilifunguliwa katika mabonde ambayo serikali haikuwahi kuyafikia. Makaratasi mengi ya Rwenzururu yamesalia hata leo, na wanahistoria waliokuja baadaye wameyasoma kwa mshangao, kwa kuwa waasi wa namna hii ni nadra: watu waliojificha ukunguni, wakinyeshewa mvua, huku wakihakikisha kwamba barua ina tarehe na mhuri.

Kwa nini walijitaabisha hivyo? Twadhani jibu ni rahisi. Watu walionyimwa mahali katika karatasi ya wengine waliazimia kuwa na karatasi yao wenyewe. Kwa Mukirane, kuandika kulikuwa ndiko kuwapo.

MAKOSA YA MWANDISHI

Sasa tufikie sehemu iliyo chungu. Ingekuwa udanganyifu kumsifu Mukirane kwa kalamu yake bila kueleza yaliyompata alipokuwa na mamlaka.

Wenzake wawili, Kawamara na Mupalya, waliifuata njia nyingine. Wao walidai wilaya ndani ya Uganda, si nchi nje ya Uganda. Mukirane aliwaona kuwa wameusaliti mlima. Mwanzo alijiita rais. Baadaye akawa mfalme, akachukua jina la Kibanzanga. Mtu aliyeanza kwa kuwauliza wazee maswali na kuyaandika majibu yao, sasa alikuwa mtu asiyeulizwa. Historia aliyoikusanya kwa kuwasikiliza watu wa kila bonde, akaitumia kueleza kwa nini wote wapaswa kumtii mtu mmoja.

Mwaka 1963 Waziri Mkuu Milton Obote alimwomba Tom Stacey, aliyekuwa sasa mwandishi wa magazeti Uingereza, aende mlimani akazungumze na rafiki yake wa zamani. Stacey akapanda. Alimkuta mwenzi wake wa safari za mwaka 1954 akiwa amezungukwa na walinzi na taratibu za kifalme. Walizungumza, lakini hakufaulu kumshawishi ashuke. Nani awezaye kusema kama safari hiyo ingefaulu iwapo ingefanywa miaka miwili mapema, wakati neno lenyewe lilikuwa bado neno moja katika katiba? Kila mwezi uliopita uliongeza marehemu, na marehemu hufanya mapatano kuwa magumu, kwa sababu kila upande huona haya kuwaambia wafiwa kwamba jambo lenyewe lingeweza kuzungumzwa.

Isaya Mukirane alifariki huko huko milimani tarehe 2 Septemba 1966. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, aliyekuwa bado mvulana, akatawazwa mahali pake mwezi uliofuata.

MIAKA ISHIRINI

Kutoka Juni 1962 hadi Agosti 1982 ni miaka ishirini na ushei. Katika muda huo serikali za Uganda zilibadilika mara kadhaa, na karibu kila serikali ilipeleka askari Rwenzori. Wapo wastaafu wa jeshi na polisi wanaokumbuka baridi ya milima ile, njia zinazoteleza, na adui asiyeonekana. Wapo pia wanakijiji wanaokumbuka nyumba zilizochomwa. Hakuna hata operesheni moja iliyolimaliza jambo hilo.

Lililolimaliza lilikuwa la namna nyingine. Mwaka 1974 sehemu za Bakonzo na Baamba zilitolewa chini ya Toro zikawa wilaya mbili, ambazo leo twaziita Kasese na Bundibugyo. Lile lililokataliwa mwaka 1962 likatolewa miaka kumi na miwili baadaye, baada ya makaburi mengi. Na tarehe 15 Agosti 1982, kufuatia mazungumzo ambayo Amon Bazira, mwana wa Kasese aliyekuwa serikalini, aliyasimamia kwa subira, Mumbere alishuka mlimani na wafuasi wake, silaha zikakabidhiwa. Walikaa mezani, wakaandika, wakatia sahihi. Vita vilivyoanza kwa karatasi vilikwisha kwa karatasi.

Na lile jina? Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina orodha ya jamii za asili za nchi yetu. Afunguaye orodha hiyo ataliona jina la Bakonzo, ataliona la Baamba, na ataliona la Batoro, yote katika mstari uleule wa herufi, kila moja mahali pake. Nchi haikupasuka kwa kuliandika. Wino uliotumika haukuzidi tone moja.

Laiti habari ingeishia hapo. Mwaka 2009 serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu kama taasisi ya kimila, na tarehe 19 Oktoba Rais Museveni alihudhuria sherehe huko Kasese. Lakini mwezi Novemba 2016, baada ya mashambulio juu ya vituo vya polisi, vyombo vya usalama viliivamia ikulu ya mfalme mjini Kasese. Katika siku hizo mbili, tarehe 26 na 27, watu zaidi ya mia moja walikufa, na miongoni mwao walikuwamo askari polisi. Mfalme Mumbere alishtakiwa, na mwezi Juni 2023 mashtaka yakaondolewa. Waliokufa, wenye sare na wasio na sare, walikuwa wana wa Uganda. Twayataja haya kwa huzuni, ili ifahamike kwamba somo la mwaka 1962 bado halijatosha kufundishwa.

MAJINA YA BWERA

Labda askari atatuuliza: mimi ni koplo tu katika kizuizi cha barabara, au ni konstebo katika kituo cha Bwera, katiba haikuandikwa na mimi, habari ya Mukirane yanihusu nini?

Yakuhusu, ndugu, kwa sababu wewe pia ni mwandishi. Katika kituo chako kuna kitabu cha matukio. Kila siku waandika majina ya watu humo, na jina uliloandika vibaya laweza kumweka mtu ndani au kumwachilia mwenye hatia.

Chukua mfano wa majina ya Bakonzo. Kwa desturi yao mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi ya kuzaliwa kwake. Mtoto wa kiume wa pili huitwa Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Msichana wa kwanza huitwa Masika. Ng'ambo ya Lhubiriha, kwa Banande, majina ni yale yale kwa matamshi ya huko: Kambale, Kasereka, Kakule. Kwa hiyo askari aliyeambiwa amtafute Masereka wa Bwera ameambiwa amtafute mtoto wa tatu wa kiume katika kila nyumba. Asiyeijua desturi hiyo atakamata watu kumi, ataudhika kwamba wote wanajibu jina moja, na atadhani wanamdhihaki. Anayeijua ataandika jina la pili, jina la baba, kijiji, na umri, naye atampata amtakaye bila kuwaudhi tisa wengine. Hiyo ni elimu ndogo, lakini ni ya aina ile ile aliyoitafuta mwalimu Mukirane alipowauliza wazee habari zao.

Lipo na jambo la lugha. Sisi twakipenda Kiswahili, na tangu mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya nchi yetu. Lakini tukiri kwamba katika sehemu nyingi za Uganda mwananchi alikisikia Kiswahili kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, kwa sauti ya amri. Huko Kasese na Bwera twayo bahati: Kiswahili kiliingia pia na wachimbaji wa shaba na wachuuzi wa mpakani, kama lugha ya kununua na kuuza na kutaniana. Askari anaweza kuchagua ni Kiswahili kipi atakachokisema. Na akijifunza salamu tatu za Lukonzo, mama muuza ndizi wa Mpondwe atamwambia katika dakika tano habari ambazo doria ya usiku mzima isingezipata.

Usalama wa huko ni kazi halisi, na hatuichezei. Mpondwe ilishambuliwa na waasi wa ADF mwezi Novemba 1996. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi hao hao waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha wakaua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Katika nchi ambayo babu zao waliona haki ya kuandika kuwa jambo la kufia, watoto waliuawa karibu na madaftari yao. Askari anayeilinda shule ya Bwera usiku, mvua ikinyesha, analinda kitu ambacho watu wa mlima walikitafuta kwa muda wa miaka mia. Na hataweza kuilinda vema peke yake. Atahitaji mkulima aje kumwambia kwamba ameona wageni kwenye kijito, na mkulima huyo atakuja kwa askari anayemwamini.

MWISHO

Isaya Mukirane alikuwa na kipaji cha kuandika na kasoro ya kutawala. Alipokuwa na daftari, watu wa kila bonde walimfungulia milango; alipokuwa na kiti cha enzi, hata rafiki yake hakuweza kumfikia. Waliomkatalia neno moja nao walikuwa na kasoro yao: walidhani kwamba ombi lililoandikwa kwa adabu ni ombi la mtu dhaifu. Kati ya kasoro hizo mbili walipita watu wengi wakaenda kaburini, na wengi wao hawakujua kusoma wala katiba wala barua za Rwenzururu.

Katika kituo chochote, Bwera, Kasese au kwingineko, siku moja atakuja mzee na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa mkono wa mjukuu wake. Itakuwa na makosa ya herufi. Itakuwa inalalamikia mpaka wa shamba, au ng'ombe, au chifu fulani. Saa ya zamu itakuwa imekaribia kwisha. Tunakuomba, ndugu askari, uikunjue karatasi hiyo, uisome yote, na uliandike jina la mzee huyo kitabuni kama anavyolitamka mwenyewe.